Dada Hapana na Wavu wa Mkanda

Pale machimboni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Dada Hapana, na jina hilo alilichuma mwenyewe kwa jasho lake. Ukimwomba akuazime spana, jibu la kwanza ni hapana. Kisha atakuuliza unaitakia nini, atakutazama mikono, na huenda akakupa. Ukimwambia leo jua ni kali, atasema hapana, kali lilikuwa la jana. Wapo waliodai kwamba hata siku aliyozaliwa, mkunga alipompiga kofi ili alie, alikataa kulia. Huo ni uzushi wa watu wasio na kazi, lakini aliyemjua asingeweza kuapa kwamba haukutokea.

Kazi yake ilikuwa nyavu. Si za samaki wala za banda la kuku. Nazungumzia nyavu za chuma zilizosukwa kwa waya nene kama penseli, zile zinazolazwa juu ya chekeche la mashine ya kusaga mawe. Jiwe likishapondwa huangukia juu ya wavu, chekeche linatetemeka kama mtu mwenye homa, kokoto ndogo zinapita kwenye matundu na kubwa zinateremka upande wa pili. Wavu ukiwa mbovu, kokoto zinatoka mchanganyiko, na zege ya mtu fulani inakuja kupata nyufa. Kwa hiyo mtu wa nyavu ni mtu wa maana, hata kama kazi yake yote ni vumbi na malengelenge.

Aliingia machimboni akiwa msichana. Mama yao alifariki akamwachia kaka mchanga, bado ananyonya. Baba alikuwa mgonga mawe wa nyundo, kifua kimejaa vumbi, naye hakukawia kumfuata mkewe. Mashangazi wakakaa kikao. Wakakata shauri kwamba kitoto kiende kwa shangazi mkubwa, na binti atafutiwe mume kabla hajaanza kujisemea mwenyewe. Walichelewa. Binti alisimama katikati ya chumba, mtoto mgongoni, akasema hapana. Shangazi mkubwa akamuuliza atamlisha nini. Akasema atamlisha anachokula yeye.

Basi akaenda kuchekecha kokoto kwa mkono, kama wanawake wengine wa pale. Unasimamisha fremu ya wavu kwa kuiegemeza, unarusha kokoto kwa koleo, unatenga zilizopita na zilizobaki. Mtoto alikaa kwenye pipa lililokatwa nusu, lililotandikwa gunia, kivulini, akichezea vijiwe. Fundi cherehani mmoja, mtu mpole na mtanashati kweli, alimtaka waoane, ila akasema yeye anaoa mke, haoni sababu ya kuoa na kituo cha watoto. Dada Hapana alimpenda yule fundi. Hilo lisemwe wazi, maana watu hudhani wanaokataa hawapendi. Alimpenda, na akamwonyesha mlango.

Mashine ilipoletwa, wanawake wengi wa fremu walirudi majumbani. Yeye alibaki akifagia. Mtu aliyekuwa akifunga nyavu kule juu akapata kazi kwingine, na hakuna mwanamume aliyetaka nafasi yake, kwa sababu kule juu vumbi linakula macho na sakafu ni vyuma vitupu. Siku moja wakashtukia Dada Hapana ameshapanda. Nyapara wa wakati huo akapiga kelele kutoka chini, "Shuka, mama wa watu, utavunjika kiuno!" Jibu unalijua.

Alijifunza kwa kuharibu. Wavu wake wa kwanza aliufunga umelegea upande mmoja, ukawa unapigapiga kama mlango kwenye upepo, na kabla ya wiki kwisha waya zikaanza kukatika pale pale ulipolegea. Tangu hapo alikuwa anauvuta pande zote mbili kwa zamu, ndoano huku, ndoano kule, boliti kidogo kidogo. Kisha anagonga kwa spana na kusikiliza. Uliovutwa sawasawa unalia sauti moja kutoka ukingo hadi ukingo. Na hakuridhika hapo, maana wavu mpya hulegea ukishaanza kazi. Kwa hiyo mchana, wenzake wakienda kula, yeye alikuwa anapanda tena kukaza. Chakula chake kilipoa kila siku, na kila siku alilalamika kimepoa.

Yule mtoto wa kwenye pipa akakua. Akawa kijana mwenye mabega mapana na mdomo mwepesi, anachekesha mpaka watu wanaweka chini vijiko. Naye akaajiriwa pale pale, mkandani. Hapa inabidi nikueleze huo mkanda, maana ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Kokoto zikitoka kwenye chekeche huangukia mkanda mrefu wa mpira, ambao unazunguka kwenye rola mbili za chuma, moja juu na moja chini. Rola ya chini ndiyo yenye shari. Kokoto zinamwagika, zinajipenyeza kati ya rola na mpira, mkanda unaanza kupiga mayowe na kwenda upande. Dawa yake ni kuzima mashine, kutoa kokoto, kuwasha tena. Lakini ile mashine ilikuwa na maringo. Ukishaizima, kuiwasha ni kuibembeleza. Na watu wa mkandani walilipwa kwa malori yaliyojaa. Mashine ikilala, mifuko yao nayo inalala.

Mbele ya rola kulikuwa na kinga. Kinga yenyewe ilikuwa kipande cha wavu wa zamani wa chekeche, maana ndiyo desturi ya machimbo: wavu ukichakaa juu unateremshwa chini kuwa kinga, na ukichakaa hapo chini unakwenda kuwa banda la kuku la nyapara. Waya zake zilikuwa zimesuguliwa na mawe mpaka zikawa nyembamba, na matundu yamepanuka hovyo.

Kaka yake ndiye aliyebuni dirisha. Alichukua mkasi wa chuma, akakata pande la ile kinga, upana wa sahani, akaacha upande mmoja umeshikwa na waya ya kufungia ili lifunguke na kufungwa. Sasa mkanda ukipiga mayowe hakuna kuzima kitu. Unafungua dirisha, unapenyeza nondo, unachokoa kokoto huku rola inazunguka. Malori yakaongezeka. Nyapara akampigapiga bega mbele ya watu wote. Wenzake wakamwita Dirisha, naye akalivaa hilo jina kama kofia mpya. Tajiri mwenye machimbo alipokuja kukagua, dirisha lilifungwa na kufunikwa gunia, na wote wakasimama hapo kwa adabu kama wanakwaya.

Baada ya muda, hata nondo ikaonekana inachelewesha. Dirisha akaanza kutumia mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu, unaingia na kutoka kama kuku anavyodonoa, na kokoto iko kiganjani. Madereva wa malori walikuwa wanashuka kuja kumtazama.

Na getini, hatua chache tu kutoka hapo, alikaa mlinzi aliyeitwa Kushoto. Zamani alikuwa mtu wa mkandani katika machimbo mengine, na mkono wake wa kulia uliishia juu ya kiwiko. Kila asubuhi vijana walimsalimia, wakampa mkono wa kushoto, wakataniana naye, wakapita kwenda kwenye rola. Dada Hapana alikuwa akiwatazama kutoka juu ya chekeche na kushangaa. Walikuwa wanamwona kila siku na hawamwoni.

Siku moja wakati wa chakula Dirisha alikuja amevaa shati lenye mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeng'oka begani, nyuzi zinaning'inia. Akasimama mbele ya wenzake akafungua kinywa kama mtangazaji.

"Mabwana! Mashine imekula mkono wa shati, wa nyama imenibakishia! Imeshiba, haina njaa tena mpaka jioni!"

Watu walicheka wakapaliwa. Kushoto, aliyekuwa amekaa nao, alichukua sahani yake akarudi nayo getini. Dada Hapana hakucheka wala hakula. Alikuwa akitazama ule mkono wa kaka yake ulio wazi mpaka begani, na ngozi yake imechubuka mstari mmoja mrefu mwekundu. Aliuosha mkono ule ukiwa mdogo kama ndizi. Aliogopa, na kwa kuwa yeye hakujua kuogopa kimya kimya, alinyanyuka hapo hapo akamfuata nyapara.

"Mkubwa, lile dirisha liondoke. Nataka kinga mpya pale, nzima."

"Dada, acha hizo," nyapara akasema, anatafuna. "Vijana wenyewe wameridhika. Wewe shughulika na ya juu, ya chini tuachie sisi."

"Huko chini kuna mdogo wangu."

"Mdogo wako ana ndevu."

"Ndevu hazizuii rola."

"Umemaliza?"

"Hapana. Ila naona wewe umemaliza."

Jioni hiyo nyumbani, kwenye vyumba vyao viwili vya kupanga, Dirisha aliingia bila salamu. Habari zilikuwa zimeshamfikia, tena zimetiwa chumvi.

"Dada, umekwenda kunisemea kwa nyapara kama mtoto wa shule?"

"Nimekwenda. Kesho nakwenda tena."

"Unajua watu wananicheka? Eti mtoto wa dada. Mimi, mtu mzima, nina kazi yangu, nina jina langu!"

"Jina gani? Shimo ulilokata kwenye kinga? Hilo ndilo jina?"

"Wenzangu wote wanalitegemea lile dirisha. Malori unayaona. Nani kaumia mpaka leo? Nitajie mmoja."

"Kamuulize Kushoto."

"Kushoto alikuwa mzito!" Dirisha akasema. "Kila mtu anajua alikuwa mzito."

"Nani kakwambia? Mkono wake?"

Hapo kijana alipandwa na hasira akasema lile neno. Alilisema polepole, na hilo ndilo lililolifanya baya zaidi.

"Mimi nakuheshimu sana, dada. Lakini wewe si mama yangu. Mama alikufa. Wewe umekosa mume, umekosa mtoto, basi umening'ang'ania mimi."

Dada Hapana alikuwa akiosha sufuria. Aliendelea kuiosha, ingawa ilikuwa imeshatakata. Neno lile lilimchoma. Sitalipamba: lilimchoma mpaka machozi yakaja ukingoni mwa macho, naye akayakatalia, yakarudi yalikotoka.

"Sawa," akasema. "Mimi si mama yako. Lakini wavu nitauweka."

Kesho yake aliomba ruhusa akaenda kwenye duka la vyuma. Pesa alizokuwa nazo ni za kununulia godoro jipya, kwa sababu lile alilolalia lilikuwa limekuwa jembamba kama mkeka. Muuza vyuma alikuwa akimfahamu, na alipomwona akamlazimisha mkewe akae kaunta, yeye mwenyewe akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo.

"Karibu, Dada Hapana. Nina wavu mzuri umeingia juzi tu. Tazama unavyong'aa."

Akauweka mbele yake. Ulikuwa wavu wa kuchomelea, waya zimelazwa moja juu ya nyingine na kugandishwa kwa moto kwenye kila makutano. Dada Hapana aliushika ncha mbili akaupinda kwa goti. Ukasikika mlio mdogo, ta, na kiungo kimoja kikaachia.

"Hapana. Mashine ile inatetemeka kutwa. Huu utaachia kimoja, kesho kingine, keshokutwa nimebaki na fimbo mkononi. Nipe wa kusuka."

Muuza vyuma akaleta wa kusuka, waya nyembamba, mwepesi. Dada Hapana akausukuma kwa kidole gumba, waya zikateleza, tundu moja likapanuka na jirani yake likabanwa.

"Hapana. Waya hazijakunjwa kabla ya kusukwa. Hakuna inayomshika mwenzake. Mtu akiuegemea, mlango umefunguka."

"Dada, hii ni kinga tu. Si chekeche. Kinga kazi yake kusimama."

"Kazi yake kusimama siku mtu anapoanguka," alisema, na akaenda mwenyewe nyuma ya duka.

Huko aliukuta, umeegemezwa ukutani, umefunikwa vumbi. Ulikuwa mzito; alipouvuta, sakafu ililalamika. Waya zake zilikuwa nene, zimepakwa zinki zisishike kutu, na kila moja imekunjwa mawimbi mawimbi kabla ya kusukwa, ili kila inapopita juu au chini ya mwenzake ilale kwenye kitanda chake na isitoke. Aliusukuma kwa gumba. Haukwenda popote. Aliupinda kwa goti, na goti ndilo lililolalamika. Kilichobaki ni matundu. Kwenye chekeche, tundu huchaguliwa kwa ukubwa wa kokoto unayoitaka. Kwenye kinga, tundu huchaguliwa kwa kidole usichotaka kipite. Alijaribu kidole chake kidogo, hakikuingia hata kucha, lakini alijua hicho si kipimo. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa kazi ya miaka mingi. Akageuka. Kulikuwa na mwanamke mwembamba aliyekuja kununua misumari.

"Mdogo wangu, samahani. Niazime kidole."

"Nini?"

"Kidole. Hicho kidogo. Nitakurudishia."

Mwanamke alimtazama muuza vyuma, muuza vyuma akatazama dari. Basi akatoa kidole chake kwa wasiwasi. Kiliingia kwenye tundu mpaka kiungo cha kwanza, kikagota. Dada Hapana akapima kwa macho nafasi itakayokuwapo kutoka wavuni mpaka kwenye rola. Hakifiki hata karibu.

"Ahsante. Chukua kidole chako," alimwambia. Kisha kwa muuza vyuma, "Huu."

"Huo ni wa madirisha ya jela!"

"Ndiyo maana nautaka."

Alisubiri siku ya mapumziko, mashine imezimwa na machimbo hayana mtu. Kushoto alikuwa getini. Alipouona ule wavu juu ya mkokoteni, na fremu ya chuma ambayo Dada Hapana aliitengenezesha kwa fundi wa kuchomelea, hakuuliza swali. Alifungua geti, kisha akaliacha wazi, jambo ambalo mlinzi hafanyi, akamfuata mpaka mkandani. Aliishikilia fremu kwa bega na mkono wake mmoja, Dada Hapana akafunga boliti. Chini aliacha nafasi nyembamba, ili kokoto zinazomwagika zivutwe nje kwa jembe la mpini mrefu, mbali na rola. Zitakazonasa kabisa, watazima mashine. Alipomaliza kukaza akachukua nyundo, akagonga ncha za boliti mpaka nati zisiweze kurudi nyuma.

"Watakuchukia," Kushoto akasema.

"Wamezoea."

"Na yeye je?"

Dada Hapana aliikusanya ile kinga ya zamani, yenye dirisha lake, akaiweka kwenye mkokoteni akaifunika gunia lile lile walilokuwa wakiifunikia.

Siku ya kazi ilipofika, kelele zilianza kabla ya mashine. Watu wa mkandani walisimama mbele ya ule wavu kama waliofungiwa nje ya nyumba yao. Dirisha alikwenda moja kwa moja kuchukua mkasi wa chuma. Akaung'atisha waya, akabana, mishipa ya shingo ikamtoka, akabana tena kwa mikono miwili. Alipoutoa, waya ilikuwa na alama ndogo kama iliyotafunwa na panya, na mkasi ulikuwa na pengo. Mtu mmoja akacheka. Dirisha akautupa mkasi chini.

Nyapara alikuja akipiga hatua ndefu.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna," alijibu Dada Hapana.

"Toa hiki kitu."

"Hapana."

"Nakufukuza kazi sasa hivi!"

"Nifukuze. Mkoba wangu ule pale. Ila nikitoka sitakwenda nyumbani. Nakwenda kwa tajiri, na ile kinga yenu ya zamani ninayo. Dirisha lake lipo, linafunguka na kufungwa vizuri kabisa, na gunia la kulifunikia ninalo. Nitamwonyesha jinsi mlivyokuwa mkilifunika. Au umwonyeshe wewe, wewe ndiye mkubwa."

Nyapara akawageukia watu akawauliza wanashangaa nini, hawana kazi? Na hapo ndipo mambo yalipoishia kwa nyapara, maana alikuwa mtu anayejua kuhesabu hasara.

Kwa wenzake hayakuishia hapo. Malori yalipungua kidogo, wao wakasema yamepungua sana. Dada Hapana aliposalimia, watu waliinama kufunga kamba za viatu. Mwanamke aliyekuwa akimwekea maji ya kunywa akaacha kumwekea. Dirisha alibeba nguo zake akaenda kulala kwa rafiki, na chumba chake kikabaki na msumari ukutani na alama ya mafuta ya kichwa. Dada Hapana alipika chakula cha watu wawili siku ya kwanza kwa mazoea, na siku ya pili pia, akala vyote kwa hasira. Alikuwa mpweke, na hakujifanya hakuwa mpweke. Jioni nyingine alikaa mlangoni akajiuliza kama kweli ni mapenzi au ni ukaidi tu, na hakupata jibu lililomridhisha. Lakini asubuhi, kabla ya kupanda kwenye chekeche, alikuwa akipita kwanza mkandani, anaugonga ule wavu kwa spana na kusikiliza. Alifanya hivyo mbele ya kaka yake, na kaka yake alikuwa anatazama pembeni.

Ikaja siku yenye kazi nyingi, malori yamepanga foleni mpaka nje ya geti. Kila mtu alikuwa mbiombio. Dada Hapana alikuwa juu ya chekeche akikaza ndoano aliposikia mkanda unapiga mayowe. Nyapara akaita, "Mkandani! Mkandani!" Kaka yake alikuwa ameipa rola mgongo, anapiga koleo. Aligeuka mbio, na mkono wake ukaenda wenyewe, kwa mazoea ya miezi mingi, kwa nguvu zake zote, mahali palipokuwa na dirisha.

Ngumi ikagonga wavu. Wavu ukalia sauti moja, dada yake akaisikia mpaka kule juu.

Na papo hapo, nyuma ya zile waya, mkanda uliokuwa umekwenda upande ukachanika ukingo. Ukanda wa mpira mpana kama kiganja ukavutwa ndani ya rola, ukasokotwa, ukasokotwa tena, ukawa unaupiga wavu kwa ndani, pa, pa, pa, ukitafuta pa kutokea. Wavu haukuachia. Mtu mmoja akaikimbilia swichi. Mashine ikanguruma, ikapunguza, ikanyamaza.

Wote walikuwa wanautazama ule mpira uliosokoteka kuzunguka rola, umebanwa mpaka unatoa moshi, mahali pale pale ambapo mkono ungekuwa. Kushoto alikuwa amekuja mbio kutoka getini na sasa amesimama nyuma yao, anapumua kwa nguvu.

Dada Hapana alishuka ngazi.

Dirisha akageuka. Ngozi ya ngumi yake ilikuwa imechunika na damu inatiririka. Alikuwa na hofu, alikuwa na aibu, na kwa kuwa hakujua aipeleke wapi mbele ya watu wote wale, akaipeleka kwa dada yake. Akanyoosha mkono akamsonta usoni.

"Wewe! Wewe na wavu wako! Umenivunja mkono!"

"Hapana," alisema. "Kunja vidole."

"Nini?"

"Kunja, nimesema. Sasa kunjua."

Akakunja, akakunjua, bila kujua anatii. Vyote viliitika.

"Havijavunjika," alisema Dada Hapana, na safari hii machozi yalipokuja hakuyakatalia. "Haya, nyoosha tena unisonte. Nitukane mbele yao wote. Nisonte mpaka uchoke. Kidole hicho nimekilea mimi."